Kivutha Kibwana na Amana ya Makueni

Cheo cha ugavana kina historia mbili katika nchi ya Kenya, na ni vigumu kumweleza mtu ambaye sura hii inamhusu bila ya kuzitaja zote mbili. Historia ya kwanza ni ya watawala waliotumwa kutoka London, ambao hawakuombwa na raia wala hawakuwajibika kwao, na ambao mmoja wao, Sir Evelyn Baring, alitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, akawafungulia watu wa Bonde la Ufa na wa milima inayolizunguka miaka ya vizuizi, ya kuhamishwa kwa nguvu na ya kambi za mateso. Historia ya pili ni changa: ilianzishwa na Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, ikatimia tarehe 4 Machi 2013, siku ambayo raia wa kaunti 47 walijichagulia magavana kwa kura ya siri. Baina ya historia hizo mbili ulipita muda wa takriban nusu karne ambao mkuu wa mkoa, aliyeteuliwa na Rais na kuondolewa kwa neno la Rais, ndiye aliyekuwa serikali machoni pa mwananchi. Na wetu sisi wa Mai Mahiu, huku Bonde la Ufa, alikaa Nakuru, akashuka kwetu kwa nadra, na kila aliposhuka tulikusanywa ili tusikilize.

Nimeazimu kuandika habari za Profesa Kivutha Kibwana, gavana wa kwanza wa Makueni, ijapokuwa kaunti yake iko mbali na yetu, kwa kuwa katika magavana wote wa zama hizi sijaona mwingine ambaye maisha yake yanajibu kwa ukamilifu kiasi hiki swali linalonishughulisha: je, mtu aliyepigania mageuzi akiwa nje ya madaraka aweza kuyatenda akiwa ndani yake? Fauka ya hayo, Makueni si nchi ngeni kwa mkazi wa hapa. Mai Mahiu ni mji wa njia panda. Barabara ishukayo ukingo wa bonde kutoka Nairobi, ikipita kando ya kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kitaliano mwaka 1942, hufika hapa ikagawanyika, tawi moja likaelekea Narok na jingine Naivasha, na madereva wa malori yaendayo Uganda na nchi za mbele yake hulala hapa, wakala hapa, wakaondoka alfajiri. Makueni nako kuna Emali, Makindu na Mtito Andei, miji iliyolelewa na barabara ya Mombasa kama wetu ulivyolelewa na barabara ya magharibi. Kwao kama kwetu mvua ni haba, na maji ni mas-ala ya uhai na mauti: Januari 2005 wakulima na wafugaji walipigana hapa kwa ajili ya maji ya mto Ewaso Kedong, na roho za watu zikapotea katika ugomvi ambao serikali ilifika kuuamua baada ya damu kumwagika.

Kibwana alizaliwa mwaka 1954 katika Ukambani, nchi ya Wakamba ambamo Makueni imo. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akaendelea na masomo ya juu ng'ambo, kisha akarejea kufundisha katika chuo kile kile, ambapo alifikia kuwa mkuu wa kitivo cha sheria. Wengi wenye elimu kama yake waliridhika na heshima ya darasa, na hapana wa kuwalaumu, maana miaka ile ya utawala wa Rais Daniel arap Moi mwalimu aliyezungumza habari za katiba nje ya darasa aliweza kupoteza kazi yake, uhuru wake, na pengine afya ya mwili wake. Kibwana alitoka nje. Mkutano uliofanyika Limuru mwezi wa Aprili 1997 ulizaa baraza la utendaji lililojulikana kwa herufi NCEC, yeye akiwa miongoni mwa viongozi na wasemaji wake, na dai la baraza hilo lilikuwa fupi kiasi cha kuweza kukaririwa na mtoto: bila mageuzi hakuna uchaguzi. Tarehe 7 Julai mwaka huo, siku ya Saba Saba, polisi waliwatawanya waandamanaji kwa marungu na moshi wa kutoa machozi, wakawafuata hata ndani ya Kanisa Kuu la All Saints jijini Nairobi, ambamo Mchungaji Timothy Njoya alipigwa mbele ya macho ya ulimwengu.

Yaliyofuata ni mafunzo ambayo, kwa kadiri niwezavyo kupima, hayakumtoka Kibwana maishani. Serikali ilipoona kuwa haiwezi tena kuyapuuza madai, iliketi na wabunge wa vyama vyote wakapatana juu ya marekebisho machache ya sheria, na wale waliopigwa barabarani hawakupewa nafasi mezani. Baadhi ya marekebisho hayo yalikuwa mema na tuliyapokea. Ila suluhu ilikuwa ya wabunge wenyewe kwa wenyewe, uchaguzi ukafanyika, na katiba mpya ikangoja miaka mingine kumi na mitatu. Aliyeyaona hayo hana budi kujua kwamba mageuzi yanayopatanishwa chumbani hubaki mikononi mwa wenye ufunguo wa chumba. Ndiyo maana, mwishoni mwa mwaka 1999, jumuiya za dini zilipokusanyika katika Jumba la Ufungamano kuanzisha njia ya wananchi ya kuandika katiba, Kibwana alikuwa pamoja nao. Na tume yao, iliyoongozwa na Dakta Oki Ooko Ombaka, ilikuwa na nguvu kiasi cha kwamba mwaka 2001 iliunganishwa na ile ya serikali chini ya Profesa Yash Pal Ghai.

Miaka aliyokaa serikalini kabla ya ugavana naipita kwa haraka, kwa sababu haina mengi ya kutufaa. Alichaguliwa mbunge wa Makueni mwaka 2002 katika wimbi la muungano wa vyama wa NARC, akawa waziri msaidizi, kisha waziri wa mazingira na baadaye wa ardhi katika serikali ya Rais Mwai Kibaki. Mwaka 2007 wapiga kura walimnyima kiti, naye akabaki mshauri wa Rais katika mambo ya katiba. Walikuwako wenzake wa zamani walioona kwamba yule msemaji wa barabarani amemezwa na serikali. Mimi naona kwamba waziri wa nchi yetu, hata awe mwadilifu namna gani, aghalabu ni mtumishi wa mipango iliyokatwa na wengine. Mtu hupimwa barabara akiwa na hazina yake na wajibu wake mwenyewe, na mtihani huo Kibwana aliupata mwaka 2013, alipochaguliwa gavana kwa tiketi ya chama kidogo cha Muungano, naibu wake akiwa Bibi Adelina Mwau.

Mtihani ulikuwa mkali tangu mwanzo. Bunge la kaunti, lenye wawakilishi wa wadi 30 pamoja na walioteuliwa, lilitofautiana naye juu ya bajeti: wawakilishi walitaka fungu kubwa la fedha kwa matumizi ya bunge lao, gavana akakataa kutia sahihi, akidai kwamba fedha hizo ni za visima, zahanati na barabara za vijijini. Ugomvi ulipanda daraja kwa daraja. Miswada ilikwama, malipo yakasimama, Seneti ikajaribu kupatanisha pasipo mafanikio, na mwezi wa Septemba 2014 risasi zikafyatuliwa mjini Wote, makao makuu ya kaunti, katika makabiliano ya pande mbili. Watu kadhaa wakajeruhiwa, miongoni mwao mkuu wa watumishi wa ofisi ya gavana mwenyewe. Katika hali kama ile kiongozi wa kawaida angekuwa na njia mbili: kununua amani kwa kuwagawia wawakilishi walichotaka, au kukimbilia kwa Rais aombe ulinzi. Njia ya kwanza ilifuatwa na magavana wasio wachache, na ndiyo sababu kaunti nyingi zilikuwa na utulivu ambao haukumletea raia kisima hata kimoja.

Makueni walishika njia ya tatu, iliyokuwa imeandikwa katika Katiba lakini haijapata kukanyagwa na mtu. Kifungu cha 192 kinampa Rais uwezo wa kuisimamisha serikali ya kaunti wakati wa dharura au katika hali nyingine isiyo ya kawaida, na sheria inawaruhusu raia kuomba jambo hilo endapo sahihi zao zitafikia asilimia 10 ya wapiga kura walioandikishwa. Sahihi zilizokusanywa zilipita 50,000. Gavana hakuwazuia, aliliunga mkono ombi, akijua kwamba kaunti ikivunjwa naye atavunjika pamoja na wapinzani wake, na kwamba uchaguzi mpya ungeweza kumpa mtu mwingine kiti chake. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga ilizunguka ikasikiliza, ikapendekeza kaunti isimamishwe; mwezi wa Septemba 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa pendekezo hilo, akazitaka pande zote mbili zirudi kazini zipatane. Wako waliosema kwamba taabu yote ile ilikuwa bure. Siafikiani nao hata kidogo. Katika taifa ambalo mwenye cheo hukishika kwa mikono miwili na meno, gavana aliyekubali kukiweka cheo chake katika mizani ya raia, miaka miwili kabla ya muda wake kwisha, aliwafundisha watu wa Makueni somo ambalo mikutano mia ya hotuba isingewafundisha. Na wale waliotia sahihi hawakurudi tena kuwa wasikilizaji watupu.

Hapa ndipo ilipo kazi yake kubwa, na mbele yake hospitali na viwanda nitakavyovitaja baadaye ni matawi tu. Katiba inaagiza kwamba raia washirikishwe katika mambo ya serikali, na kila kaunti hulitii agizo hilo kwa namna fulani: tangazo hutolewa gazetini, watu wachache huitwa ukumbini, karatasi ndefu husomwa kwa haraka, chai hunywewa, na majina ya waliohudhuria huambatishwa kama ushahidi. Makueni mambo yalianzia kijijini. Wanakijiji waliketi wakataja haja zao na kuzipanga kwa umuhimu, wakachagua wajumbe wa kuzipeleka kwenye kikao cha vijiji kadhaa. Kutoka hapo zikapanda hadi wadi, hadi kaunti ndogo, hata zikafika kwenye baraza la kaunti nzima, na katika kila daraja mjumbe alipaswa kurudi kuwaeleza waliomtuma ni lipi limekubaliwa, lipi limeachwa na kwa sababu gani. Kabla ya kuketi walifundishwa habari za bajeti, ili asiwepo wa kuomba uwanja wa ndege ilhali fedha ni za kalvati.

Tena mradi ulipopitishwa, wakazi wa mahali pale walichagua kamati ya kuusimamia, nayo ikapewa nakala ya hati ya vipimo na bei, ile karatasi ambayo katika sehemu nyingi za nchi yetu hufichwa na maofisa kama siri ya vita. Kamati ilihesabu mifuko ya saruji, ikapima kina cha msingi, ikatazama unene wa nondo, na sharti lililokuwa roho ya mpango wote likawa hili: mkandarasi hakulipwa mpaka kamati itie sahihi kwamba kazi imefanyika kama ilivyoandikwa. Mtu asiyejua ujenzi aweza kudhani kwamba mwanakijiji hana elimu ya kumsimamia mhandisi. Lakini katika kila kijiji cha Kenya mna fundi aliyejenga nyumba ishirini, ambaye akiangalia tu rangi ya zege atakuambia ni makarai mangapi ya mchanga yaliyotiwa kwa mfuko mmoja wa saruji, na hila ya mkandarasi mwizi imo humo humo, katika karai la mchanga lililozidi na nondo iliyopungua. Mkaguzi wa kutoka Nairobi hufika jengo likiwa limekwisha kupakwa rangi. Mwanakijiji yupo tangu siku ya kuchimba msingi, na ni mtoto wake atakayeangukiwa na ukuta. Habari za mpango huu zilivuka mipaka ya kaunti, Benki ya Dunia ikauangalia kwa makini, na maofisa wa kaunti nyingine wakafunga safari kwenda Wote kujifunza.

Jambo hili si geni duniani. Huko Marekani, ambako kila jimbo lina gavana wake, Robert La Follette aliishika Wisconsin kuanzia mwaka 1901 hadi 1906, wakati ambapo makampuni ya reli na wakubwa wa vyama ndio waliokuwa watawala wa kweli. Na silaha aliyoitumia dhidi yao ilikuwa kuwaondolea wakubwa wale uwezo wa kuwateua wagombea, akawapa wapiga kura wenyewe kwa sheria iliyothibitishwa kwa kura ya wananchi mwaka 1904, na mwaka uliofuata reli zikawekwa chini ya tume. Yeye pia aliwategemea maprofesa wa chuo kikuu cha jimbo lake. Naona undugu baina ya watu hao wawili, kwamba wote waliutafuta mahali ulipojificha uwezo wa kusema hapana, wakauhamisha kutoka kwa wachache kwenda kwa wengi.

Kutokana na mzizi huo yalimea mengine. Mwaka 2016 ulizinduliwa mpango wa afya uitwao Makueni Care, ambao kwa shilingi 500 kwa mwaka kaya nzima ilitibiwa katika hospitali za kaunti bila ya malipo mengine, na wazee waliotimiza miaka 65 hawakudaiwa hata hizo. Mjini Wote ikajengwa hospitali ya mama na mtoto yenye vitanda 120. Wakulima wa maembe, ambao kila msimu walikuwa wakiwauzia madalali kwa bei ya kuumiza moyo au kuyaacha yaoze chini ya miti, walijengewa kiwanda Kalamba cha kuyasindika yawe rojo. Na mwaka 2015 ilipitishwa sheria ya kuhifadhi mchanga, ambayo naisifu kuliko mambo mengi yanayosifiwa zaidi. Mito ya Ukambani ni ya msimu. Maji yake hujificha ndani ya mchanga, na akina mama huyachimbua humo wakati wa kiangazi, kwa hiyo kila lori la mchanga liendalo kujenga maghorofa ya Nairobi huondoka na kisima cha watu. Sisi wa Mai Mahiu tunalijua jambo hilo, kwa kuwa mchanga wetu nao huuzwa Nairobi kwa jina la mji wetu, na makorongo uliyoyaacha tunayaona kila tutokapo nyumbani.

Haifai niandike kana kwamba Makueni ilikuwa pepo. Kadi ya shilingi 500 ilikuwa na nguvu ndani ya hospitali za kaunti tu, na madaktari wa nchi nzima walipogoma kwa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, kadi hiyo haikumponya mtu. Kiwanda kimoja hakikuweza kuyameza maembe ya kaunti nzima. Kibwana mwenyewe, ili arudi madarakani mwaka 2017, alilazimika kuingia chama cha Wiper chenye nguvu Ukambani chini ya Kalonzo Musyoka, na mapatano yao hayakudumu. Alipotangaza nia ya urais hakupata jeshi la kumfuata nje ya kwao, maana siasa yetu ya taifa bado huuliza kabila la mtu kabla ya kuuliza kazi yake, na huo ni msiba ambao sioni haya kuulilia. Mwaka 2022, muda wake wa mihula miwili ulipokwisha, aliomba kiti cha Seneti, na watu wa Makueni wakampa Dan Maanzo wa Wiper. Ugavana ukamwendea Mutula Kilonzo Mdogo. Wapo walioita hayo utovu wa shukrani. Ni hukumu ya haraka: raia aliyezoezwa kumkatalia mkandarasi ana haki ya kumkatalia na profesa, na Kibwana, aliyeitumia miaka yake bora kuipigania haki hiyo, aliyapokea matokeo akaendelea na shughuli zake.

Kaunti yetu ya Nakuru ina watu zaidi ya mara mbili ya Makueni: hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliandika 2,162,202 kwetu na 987,653 kwao, nasi tuna wadi 55 na kaunti ndogo 11. Huenda msomaji akasema kwamba mpango uliofaa kwa watu wa kabila moja waliotulia vijijini hautafaa hapa, penye Wakikuyu na Wamaasai, wenyeji na wahamiaji, wenye maduka na madereva wapitao. Namjibu kwa ushahidi wa hapa hapa. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa mwaka 2007, watu waliofukuzwa makwao walifika Mai Mahiu wakiwa hawana chochote isipokuwa shilingi 10,000 ambazo kila kaya ilipewa na serikali; baadhi yao wakazichanga fedha hizo, wakanunua ardhi, wakapimiana viwanja na kujichagulia viongozi, na kimoja cha vijiji vyao wakakiita Jikaze. Watu walioweza kuratibu kijiji kizima kwa fedha za msaada, wakiwa na majeraha bado mabichi, hawatashindwa kusoma hati ya vipimo na bei.

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 maji yalishuka kutoka upande wa Kijabe yakakipiga kijiji cha Kamuchiri, yakabeba nyumba pamoja na waliolala ndani, na makumi ya majirani zetu wakafa. Wizara ya Maji ilieleza kwamba mfereji upitao chini ya tuta la reli ulizibwa na magogo na mawe, maji yakajikusanya nyuma yake hata tuta likashindwa kuyazuia. Tangu siku ile yamezungumzwa mengi juu ya makao mapya, mifereji na madaraja, na kazi hizo zitahitaji fedha, wakandarasi na hati. Naiomba serikali ya kaunti yetu, kwa heshima yote, iwape watu wa Kamuchiri nakala ya kila hati inayohusu bonde lao. Kamati ya kusimamia kila kazi ichaguliwe na waliofiwa na waliookoka, wawemo mafundi wao na akina mama wateka maji, kwa kuwa hao ndio wanaojua korongo lipi hujaa kwanza. Na hazina ya Nakuru isimlipe mkandarasi hata shilingi kabla ya kamati hiyo kutia sahihi.